Oili Chafu ya Issuna

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya wilaya, Singida, miaka michache baada ya uhuru, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinilaza chini ya Landrova iliyotoka safari, akafungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

"Imwage ingali na moto," alisema. "Ikipoa, uchafu unabaki ndani. Na ukitoa filta, toa na ringi yake ya mpira. Ringi mbili zikipandana, oili yote itavuja."

"Ndiyo, mzee," nikaitikia, kwa mdomo tu.

Wakati wa vijiji vya ujamaa nilipangiwa Issuna, dereva wa Landrova ya zahanati. Sevisi nilifanya mwenyewe nyumbani, juu ya shimo nililochimba. Oili chafu haikutupwa. Majirani walikuja na vibuyu, wakaipaka kwenye nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Siku moja nikiwagawia, huku natamba kama bwana harusi, nilifunga filta mpya juu ya ringi kuukuu iliyoganda kwenye injini.

Kesho yake asubuhi Mganga wa zahanati alimpakia mama mjamzito, uchungu umekwama, tumkimbize Singida. Maili mbili tu, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilizima injini palepale. Oili ilikuwa imemwagika barabarani. Nilipofungua filta na kuibandua ile ringi kuukuu nilitamani ardhi inimeze.

"Dereva, tutafika?" mama aliuliza.

"Tutafika, mama."

Akiba ya oili sikuwa nayo. Nikamwachia Mganga mgonjwa, nikatimua mbio kurudi kijijini. Jirani yangu, bibi mjane, alikuwa akipaka nguzo ya kwanza.

"Shikamoo, bibi. Naomba ile oili, nina mgonjwa njiani."

"Marahaba, mwanangu. Chukua, nguzo zitangoja."

Akawaita wenzake kwa Kinyaturu, vibuyu vikaja. Tuliichuja kwa khanga yake, nikapewa baiskeli, nikairudisha oili kwenye injini. Landrova ilifika hospitali ikigonga vibaya, na mama akajifungua salama.

Fundi Mkuu alipoifungua injini ile aliniuliza, "Nani alifunga filta?"

"Mimi, mzee."

"Mama mzima?"

"Mzima, na mtoto."

"Haya, shika spana."

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnaonicheka ninapopapasa kwa kidole mahali pa filta mara mbili, chekeni tu. Juzijuzi nilikutana na mama yule mnadani, yuko na mwanawe, mtu mzima mwenye mvi.

"Ndiye huyu aliyetuokoa," alimwambia.

Mwanawe akainama, akanipa shikamoo kwa mikono miwili. Niliitikia marahaba, na ukweli wa ile ringi nikashindwa kuusema.