Nani Aliyalowesha Marobota?

Siku ya kwanza kazini, babu yangu hakuonyeshwa mashine wala ofisi. Meneja Mkuu wa kiwanda cha mkonge alimpeleka moja kwa moja ghalani, akamwamuru atie mkono mpaka kiwiko ndani ya robota, yaani furushi la singa, nyuzi za mkonge, lililoshindiliwa kwa mashine.

"Unasikia nini?"

"Nasikia kuwashwa, Bwana Mkubwa."

"Mkonge mkavu unawasha. Siku usipowashwa, ujue umeibiwa."

Neno hilo Babu analiamini kuliko anavyoniamini mimi. Niko kidato cha tatu. Yeye anasimulia maisha yake ya kazi, mimi naandika, na kila jioni anakagua daftari asije akakuta nimechana ukurasa. Bibi akitaka kupika wali, lazima Babu atie kidole guniani kwanza. Hata paka wetu husachiwa akitoka jikoni.

Babu alianza kama karani wa mizani. Akapelekwa upande wa Pangani kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge hadi zibaki singa tupu. Huko Mhandisi Mkuu, Msambaa mwenye sauti ya adhana, alimfundisha kwamba mashine haidanganyi, mwenye kudanganya ni mtu. Basi Babu akarudi kiwandani Tanga akiwa meneja, na macho manne.

Msimamizi wa ghala alikuwa Bwana Hiza. Alipanga marobota juu ya mbao. Babu akashuku kuwa chini ya mbao ndiko watu wanakoficha singa za wizi, akaamuru mbao zote zitolewe, mzigo ukae juu ya saruji.

"Bwana Meneja," Hiza alimwambia, "sakafu za huku pwani hutoa jasho kama mtu. Mzigo utalowa."

"Jasho? Sema unataka pa kufichia."

Haukupita muda, mkono wa Babu ukaingia robotani na kutoka bila kuwashwa. Singa zimelowa! Kwa hesabu zake, Hiza alikuwa anaiba nyingine na kuzimwagia maji zilizobaki ili mizani isimuumbue. Akamfukuza mbele ya zamu nzima. Jina la mwizi likamfuata Hiza hadi kwao Makorora, na hakuna tena aliyempa ufunguo wa ghala.

Akaja msimamizi wa pili, marobota yakalowa. Wa tatu, vilevile. Mwishowe Babu akapindua robota moja: juu kavu, chini chepechepe, na kwenye saruji pana alama nyeusi ya umbo lake. Sijapata kusikia mwizi anayemwaga maji kutoka chini kwenda juu.

"Ukamwita Hiza?" nilimuuliza.

"Nikarudisha mbao."

"Na Hiza je, Babu?"

"Andika: Meneja akaboresha utunzaji wa ghala."

"Hiyo siandiki. Naandika Meneja aliyalowesha mwenyewe."

"We mtoto una adabu wewe?"

"Sina. Ila hiyo siandiki."

Nilijiandaa kukwepa bakora. Haikuja. Babu alitazama mikono yake kama vile ni ya mtu mwingine.

"Kustaafu kubaya, mjukuu wangu," akasema. "Kiwandani ukimshuku mtu, kengele ya zamu inalia, unasahau. Nyumbani hakuna kengele. Nimekaa hapa nimemshuku kila mtu, na mmoja tu nikamruka."

Ijumaa baada ya swala tukaenda Makorora. Mzee Hiza alifungua mlango nusu, akamtazama Babu, kisha daftari langu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Huyu leo amekuja kukagua nini?"

"Nimekuja nisomewe mbele yako," Babu akajibu.

Nikasoma palepale kizingitini. Nilipofika kwenye alama nyeusi ya saruji, Mzee Hiza akaninyooshea kiganja.

"Ngoja kwanza." Akageuka ndani, akamwita mkewe kwa sauti: "Mama Zaina! Njoo. Waite na wale wa nyumba ya nyuma. Na fundi cherehani pia, yule aliyemnyima mwanangu binti yake."

Ua ukajaa. Mzee Hiza akamtafutia kila mtu pa kukaa, isipokuwa Babu. Babu akabaki wima katikati, kofia mkononi.

"Haya, mjukuu wa Meneja," Mzee Hiza akaniambia. "Anza upya. Na ukifika pale pa mbao, soma polepole."