Dafrosa na Viti vya Landrova

Pale Isevya, mjini Tabora, hakuna asiyemjua Dafrosa Kashindye, Mama Leodgar, fundi wa kutarizi. Kasula za mapadre, vitambaa vya altare, mashuka ya maharusi: ukiona ua limechanua juu ya kitambaa utadhani limechumwa asubuhi hiyo, ujue mkono ni wake. Na mkono huo ndio uliomponza.

Aliyemfuata ni Recheli Masolwa, mbunifu wa mavazi, mzaliwa wa Nzega aliyekulia Dar es Salaam. Alikuja na mwenzake Mwingereza aitwaye Julian, anayebuni nguo za bei mbaya huko London. Wawili hao walikuwa wamenunua Landrova kuukuu, zile zilizokwisha kuota majani nyuma ya gereji, wakampa fundi Wilbroad wa Ipuli azifufue. Kazi yao wenyewe ilikuwa kuzivisha: rangi mpya, viti vya ngozi, nakshi za mkono. Walisema ni toleo maalumu la magari machache tu, nalo litaitwa Msafara, kwa heshima ya njia ya zamani ya kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi pwani.

"Shikamoo, Mama Leodgar," Recheli alisema siku ya kwanza, amekunja goti.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Dafrosa alimpenda pale pale. Binti wa mjini, adabu hajaiacha.

Ngozi zililetwa nyumbani vipande vipande, zimechorwa kwa chaki. Vya Dafrosa vilikuwa na pete tupu za uzi wa dhahabu, zimeungwa kwa mistari minene. Alidhani ni mapambo kama ya milango ya Kiarabu. Ngozi ilimtoa jasho, vidole vikavimba, lakini alishona kwa raha. Vipande vingine walipewa wanawake wa Ipuli, na hivyo hakuviona.

Aliviona siku ya kuunganisha. Wilbroad alikuwa amefunga viti ndani ya gari la kwanza, lenye rangi ya maziwa, linameremeta. Wanawake wote waliitwa waje wapige picha. Dafrosa akafungua mlango, akainama kuitazama kazi yake.

Wanawake wa Ipuli walikuwa wameshona watu. Watu wadogo wa uzi mweusi, wamepangwa mstari mmoja kuanzia kiti cha dereva mpaka kiti cha nyuma. Na pete zake za dhahabu zilikuwa zimekaa shingoni mwao, moja baada ya nyingine. Ile mistari minene ilikuwa makongwa.

Aliendelea kuinama pale mlangoni, Recheli akadhani ni furaha.

"Umeonaje, mama?"

"Hawa ni watumwa."

"Ni historia yetu. Ni kumbukumbu. Tumeitoa kwenye mchoro wa zamani."

"Na mwenye gari atakapoingia, atakaa wapi?"

Recheli akacheka kidogo. "Si kwenye kiti, mama?"

"Kwa hiyo atawakalia."

Bibi yake Dafrosa alikuwa amezaliwa na mwanamke aliyeletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto, amefungwa shingo na wenzake, akatupwa Tabora kwa sababu aliugua na msafara haukutaka kumngoja. Mwanamke yule hakuvaa shanga maisha yake yote. Hata alipobatizwa, rozari aliishika mkononi. Kitu chochote kikimgusa shingo, pumzi ilimkata. Habari hizo Dafrosa alizisikia akiwa mdogo, akisukwa nywele. Na sasa zile pete kazishona yeye, kwa mikono yake, tena kwa dhahabu.

Alichomoa wembe wa kukatia uzi, akapanda ndani, akaanza kufumua.

"Mama Leodgar! Mama, acha!" Recheli alimshika mkono. "Hiyo mali ya watu!"

"Na hawa ni watu wa nani? Niachie!"

Alifumua pete moja, ya pili, ya tatu. Wilbroad alikuja mbio, alipoona uso wake akasimama. Lakini ngozi si kitambaa. Uzi ulitoka, matundu yakabaki. Kila pete ilikuwa bado pale, imechorwa kwa vitone.

Ndipo Julian akasogea, akapitisha kidole juu ya vile vitone, akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?" Dafrosa aliuliza.

Recheli akatafsiri. "Anasema... hivi imependeza zaidi. Anasema tuache hivyo hivyo, kiti kinazungumza."

Dafrosa alishuka garini. Angetukanwa, angeshitakiwa kwa kuharibu mali, angeyaweza hayo. Lakini hasira yake kugeuzwa pambo!

"Mwambie jina langu lisiandikwe popote," alisema. "Nawe, Recheli, wewe ni mtoto wa Nzega. Yeye ni mgeni, amekosea. Wewe utasema hukujua?"

Recheli aliinama kuokota nyuzi za dhahabu zilizoanguka.

Magari yaliondoka. Baadaye picha iliingia kwenye simu: ukumbi wenye taa, mwanamke mwenye gauni la hariri amekaa juu ya viti vile, amekunja nne, na kibao pembeni kinasema nakshi ni za Dafrosa wa Tabora. Wenzake wa kwaya walimpongeza. Umefika Ulaya, Mama Leodgar! Aliwaeleza, wengine wakaguna, wengine wakasema anajitafutia presha bure. Alimtumia Recheli ujumbe wa sauti, mkali kama pilipili kichaa. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: kibao kimeondolewa, gari limeshauzwa, nisamehe mama. Dafrosa hakujibu. Hakuwa yeye wa kuombwa msamaha peke yake.

Juzi alikuja bwana mmoja anayejenga nyumba ya wageni Itetemia. Kaziona picha mtandaoni, akataka watu wale wale kwenye mapazia ya vyumba vyake, watalii wanapenda. Dafrosa aliinuka kwenye cherehani, akamsindikiza mpaka barabarani, na kule, majirani wote wakisikia, akamuuliza kwa sauti:

"Baba, wewe kwenu ni wapi? Na mababu zako walipita njia ile shingo zikiwa zimefungwa, au wao ndio waliofunga?"

Bwana yule aliwasha pikipiki yake, akaondoka bila kuaga.