Vipande Arobaini vya Kushoto

Katika karakana yetu ya sare za shule, kifungo kikidondoka sakafuni hakuna anayeinama. Neno la mwenzako likidondoka, linaokotwa kabla halijagusa chini. Nimefanya kazi ya kutunza ghala pale kwa miaka kumi na moja na sijaona bidii inayoshinda hiyo.

Mkata vitambaa wetu tulimwita Bi Rula, kwa sababu rula yake ya mbao haikumtoka kwapani hata akienda kunywa chai. Kwa miaka sita alikata mashati, sketi na kaptura, tabaka arobaini kwa mkupuo mmoja, wala sikuwahi kupokea kutoka kwake kitambaa kilichoharibika.

Alikuwa na mambo yake, hilo sikatai. Siku nyingi alikuwa mkali, mwenye maneno machache na ya haraka. Siku nyingine aliingia na sauti ndogo, akaomba mlango wa chumba cha kukatia uachwe wazi, akashika makasi kwa mkono wa kushoto. Ukimkumbusha mlichokubaliana jana, alikutazama kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Lakini kazi ilitoka vilevile, kwa sababu ya daftari. Lilikaa mezani kwake, lina jalada la kijani, na kila alipomaliza hatua aliandika: "Shati namba kumi na mbili. Mgongo tayari. Mikono tayari. Mbele kushoto tayari. Mbele kulia bado." Katika ukurasa mmoja ungekuta miandiko miwili, mmoja umelala, mwingine wa mviringo kama wa mtoto wa darasa la nne. Mahali pengine mmoja ulimjibu mwenzake: "Asante. Usisahau kula."

Jumatatu moja alasiri, Bi Rula akiwa ameomba ruhusa na kuondoka mapema, mpiga pasi alilichukua daftari lile akalisoma kwa sauti katikati ya vyerehani.

"Jamani, njooni msikie! Huyu bibi anajiandikia barua na kujijibu mwenyewe!"

"Muache, maskini, labda hana wa kumwandikia," alisema mshona vifungo.

"Eti usisahau kula! Kumbe wako wawili. Ndiyo maana chai haitutoshi!"

Walicheka mpaka mashine zikasimama. Nami nilisikia nikiwa mlangoni mwa ghala, na sikuwakataza. Vibaya zaidi, nilitabasamu. Mtu mzima, mama wa watu, nilitabasamu.

Kabla ya kufunga kazi kesi ilikuwa imeshasikilizwa na hukumu imetoka, mshtakiwa hayupo. Mmoja alisema ana mapepo. Mwingine alikuwa ameona sinema ambamo mtu wa namna hiyo alimaliza familia nzima, kwa hiyo anyang'anywe makasi. Wa tatu alisema anaigiza ili apewe likizo. Hakuna aliyejisumbua kuona kwamba hayo matatu hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Mpiga pasi akalifungia daftari kabatini mwake, akasema ni kwa usalama wetu sote.

Jumanne akaingia yule wa sauti ndogo. Alipekua meza yake, akainua kila kitambaa, kisha akaja chumba cha kushonea.

"Samahani, kuna aliyeona daftari langu la kijani?"

"Muulize mwenzako!" akajibiwa, na kicheko kikapasuka upya.

Akarudi mezani. Vipande vya jana vilikuwa vimeshapelekwa kwa washonaji, na kiolezo cha mbele kushoto kilikuwa palepale kilipoachwa, juu ya kitambaa kipya. Hakuwa na cha kumwambia kwamba upande huo umeshakatwa. Akaukata tena.

Alasiri msimamizi aliingia na furushi la vipande mkononi, mishipa ya shingo imemsimama.

"Bi Rula, niambie, ni mtoto gani ana vifua viwili vya kushoto?"

Alipewa barua. Ajieleze Alhamisi, na maelezo yasiporidhisha, aache kazi.

Alhamisi alikuja na dada yake mkubwa, mwanamke mnene mwenye uso wa kuchoka. Tulikaa kwenye meza ya kukatia; mimi niliitwa kwa sababu ya hesabu ya kitambaa. Bi Rula hakulia wala hakubembeleza.

"Daktari anasema ni ugonjwa wa nafsi kugawanyika," alisema. "Nilipokuwa mdogo niliumizwa na mtu mzima aliyepaswa kunilinda. Si mara moja. Sikuwa na pa kukimbilia, akili ikanitafutia pa kujificha ndani kwa ndani. Kila sehemu ikabeba lake. Sasa nimekua, na sehemu hizo hazijaungana. Akishika kazi mmoja, mwingine hana habari. Ndiyo maana tunaandikiana. Nahudhuria kwa daktari, tunazungumza. Ni kazi ya miaka, lakini inakwenda."

Msimamizi alikohoa. Kisha, taratibu, kana kwamba hatumwoni, akayavuta makasi yaliyokuwa mezani akayaweka upande wake.

"Bwana mkubwa, yarudishe hayo," alisema dada mtu. "Amekaa nayo miaka sita chini ya pua yako. Amemchoma nani?"

"Hakuna, mama. Ila kwenye sinema..."

"Kwenye sinema watu wanaruka kutoka ghorofa ya tano, wanajipangusa vumbi, wanaendelea na safari. Na wewe utaruka?"

Msimamizi aliyarudisha makasi. "Mimi nataka tu kujua tatizo limeanzia wapi," alisema. "Miaka sita hajakosea. Imekuwaje Jumanne?"

Hapo nikaona sina pa kujificha. Nikamweleza ni nani aliyechukua daftari, ni nani waliocheka, na kwamba mimi nilikuwa mlangoni. Mpiga pasi akaitwa.

"Mimi nilikuwa nalinda karakana, mkuu."

"Umelinda nini?" nilimuuliza. "Mtu ana miwani, wewe umemvua, kisha unashangaa amejikwaa! Aliyeharibu kitambaa ni wewe."

"Si tulikuwa tunatania tu, mama?"

"Tulikuwa," nilisema. "Na mwenzetu nusura akose kazi."

Halafu kuna jambo linalonikera mpaka leo. Bi Rula alisema, bila kupandisha sauti, "Hakuna kilichoharibika. Nikate vya kulia themanini badala ya arobaini. Jozi zitakazozidi zitangoja oda ijayo, namba ni ileile." Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi moja ya kazi! Watu zaidi ya ishirini wenye akili timamu, tunaojisifu tuna nafsi moja moja, hatukuliona. Tulikuwa tunatafuta mapepo.

Msimamizi aliichana barua. Aliamuru daftari lirudishwe saa ileile na lisiguswe na mtu mwingine, akamwagiza mpiga pasi aombe radhi mbele ya wote. Aliomba, akiangalia viatu vyake. Si radhi nzuri sana, lakini ilisikika.

Msidhani watu walibadilika kwa siku moja. Siku ileile saa tano nilipompelekea Bi Rula kitambaa, nilimkuta mshona vifungo ameegemea meza ya kukatia, amejaa huruma mpya yenye adabu ndogo kuliko kicheko cha Jumatatu.

"Pole, dada yangu. Eti, leo tunaongea na nani?"

Bi Rula alikuwa ameinama juu ya tabaka, anachora upande wa kulia kwa chaki.

"Na mkata vitambaa," alisema. "Sogea, shoga, unanizibia mwanga."