Bawa la ndege lililovua kambare

Leo bawa langu la ndege limevua kambare.

Msicheke kwanza.

Chuoni nimepewa kazi ya likizo, nichunguze hewa inavyopita kwenye bawa. Hapa kijijini kwetu Hewani mashine ya upepo nitaitoa wapi? Nikachonga bawa la mbao, nikalisimamisha mtoni, maji yapite badala ya hewa. Maji ya Tana yana tope, kila mkondo unauona.

Asubuhi nikalikingamisha zaidi. Nyuma yake maji yakavurugika, yakawa yanazunguka polepole. Ndege ikikingamisha bawa hivyo haina nguvu tena, inashuka kama jiwe. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nikaenda kula kwa raha zangu.

Kurudi mchana, shangazi yangu ameweka mtego wake wa samaki nyuma ya bawa, kwenye maji yale ya polepole. Ndani kambare wawili wanene. Majirani nao wamesimama na mitego yao, wanangoja zamu.

“Shangazi, nataka kuligeuza. Sijamaliza kupima.”

“Usiliguse.”

Nikamweleza kwamba bawa likikaa hivi, hata ndege ya Bwana DC inaanguka.

“Na ianguke, mwanangu. Sisi leo tunakula.”

Niambieni, mwalimu nimwandikie nini? Nauliza huku natafuna.