Kibao kilisema 3½ Std: nilivyopandishwa mlima Austria na kwaya ya Wakongo wa Birmingham

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Hii si chai. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi, maana humu anayeaibika ni mimi. Picha sina. Simu yangu ya wakati ule ilikuwa na tochi tu.

Ni miaka ya 2006, 2007 hivi. Nilikuwa naishi Birmingham, Alum Rock, juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa na minibus, napeleka watu harusini, misibani na airport.

Wateja wangu wakubwa walikuwa kanisa moja la Wakongo. Mimi ni Muislamu wa Lindi, lakini nyimbo zao nilikuwa nazijua zote, mpaka sauti ya pili.

Siku moja akanipigia mama mmoja wa kwaya, Mama Furaha. Mtu wa Bukavu, anakaa Castle Vale, umri kama hamsini na tano. Akaniuliza kama gari langu linaweza kufika Austria. Nikadhani ni jina la ukumbi.

Kumbe serious.

Alipokuwa kambini, mkimbizi, ukutani pale zahanati palikuwa na kalenda ya nje. Picha yake mlima, na juu kabisa ya mlima msalaba. Nesi akamwambia hiyo ni Austria, kule wana desturi ya kusimika misalaba vileleni. Mama akaweka nadhiri: siku makaratasi yake yakikamilika, ataenda mpaka kwenye ule msalaba kusema asante.

Ikamchukua miaka kumi na moja. Pasipoti nyekundu ya Uingereza ilipofika hata keki hakununua. Akaanza kutafuta gari.

Nikakubali. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: wao wapande, mimi nilale kwenye siti ya nyuma.

Safari siku mbili. Ferry, Ubelgiji, Ujerumani, watu kumi na wawili wanaimba njia nzima. Route ya mlima alikuwa ameichagua mchungaji wao, ambaye wote tulimwita Pasteur. Aliitafuta kwenye internet. Alisema yeye amezaliwa jirani na volkano, mlima hauwezi kumdanganya.

Tukafika kijijini asubuhi, jua zuri la mwezi wa nane. Wazungu pale parking wana mabuti, fimbo na kamba. Sisi tukashuka na sare za kwaya, vitenge vya njano vipya kabisa, akina mama na pochi zao. Pasteur suti. Halafu likashuka sufuria la wali.

Mwanzo wa njia kuna kibao cha njano: jina la mlima, halafu 3½ Std.

Pasteur akatufafanulia kwamba 3½ ni kilomita, na Std ni standard, yaani njia ya kawaida ya kila mtu.

Mimi kwa akili zangu za shule ya zamani, Std ni darasa. Standard three, standard four. Nikajisemea, kama mlima wenyewe ni wa darasa la tatu na nusu, mtu mzima na form four yangu nitashindwaje?

Wakuu, Std ni masaa kwa Kijerumani. Masaa matatu na nusu. Ya kupanda tu. Tena ya Mwaustria.

Hapo ndipo Mama Furaha akanigeukia. "Weye uko mutu ya Tanzania. Kilimanjaro iko kwenu. Utabaki kwa gari namna gani?"

Kilimanjaro nimeupita mara moja tu, kwa ndege, na aliyekaa dirishani alikuwa mtu mwingine. Lakini kwaya nzima ilikuwa inaniangalia, na sifa zinalevya. Nikasema nawasindikiza kidogo. Nimevaa makobazi.

Saa ya kwanza tulikuwa msituni. Suti ya Pasteur ikaanza kuloa mgongoni.

Tukatokea kwenye malisho. Ng'ombe wakubwa wenye kengele shingoni wakavutiwa na vitenge, wakaanza kutufuata. Kwaya ikiimba wanasogea, ikinyamaza wanasimama. Wanne wetu wakaamua hapo panatosha, wakakaa kwenye nyasi na sufuria, na ng'ombe wakakaa nao.

Mbele kuna nyumba ya mbao ya wapanda mlima, inauza supu na keki. Mwenye nyumba, mama wa Kizungu mwenye nywele za mvi, alitupokea bila hata kushtuka. Kitu pekee alichotukatalia ni viatu. Akatuonyesha kapu la malapa ya sufu, kila mtu akachagua yake. Nikamuomba maji nikatia udhu kabisa, nikijua adhuhuri itanikuta njiani.

Kwaya ilivyoonja ile keki, safari yao ikaishia hapo.

Tukabaki watatu: Mama Furaha, Pasteur na mimi.

Juu ya ile nyumba hakuna tena njia. Kuna mawe, na kwenye mawe wamepaka rangi nyekundu na nyeupe ujue pa kukanyaga. Baada ya kona ya pili ikaanza waya ya chuma iliyopigiliwa kwenye mwamba. Kulia mwamba, kushoto hewa.

Pasteur akasimama, akaiangalia ile hewa. Akasema ameoneshwa kwamba abaki pale kulinda mabegi.

Mabegi yalikuwa mawili. Moja lilikuwa lake.

Ningegeuka hapo hapo, nawaambia ukweli. Ila Mama Furaha alishaishika waya na anaendelea, na raba zake za kazi ya usafi, hageuki nyuma. Nikaona aibu kumuacha mama wa watu peke yake.

Nikapanda kwa miguu minne.

Hapo katikati tukapitwa na wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, miaka sabini hakosi mtu. Na mbwa. Mbwa alinipita kwa juu, akauruka mgongo wangu.

Tukafika kileleni, tukawakuta wale wazee na mbwa wao. Msalaba upo, mkubwa, wa mbao, na chini yake kuna kisanduku chenye daftari la majina. Mama Furaha akausogelea polepole, akaushika, akaangalia bondeni muda mrefu.

Nikamuuliza kama ndio ule wa kwenye kalenda.

"Hapana," akasema. "Ile ilikuwa na ziwa chini."

Siku mbili barabarani, makobazi yamekatika mkanda, halafu mlima siyo.

Halafu akasema, "Lakini Mungu ni ule ule."

Akapiga magoti. Akaanza kushukuru kwa majina. Nilitegemea dakika tano. Alianza na watoto, akaja kwa majirani wa kambini, nesi wa ile zahanati, dereva wa basi namba fulani la Birmingham aliyewahi kumsubiri kwenye mvua. Halafu sauti ikashuka, yakaja majina ya wale waliobaki Bukavu na hawatatoka tena. Hayo hakuyaharakisha. Hata yule mbwa alikaa.

Alipomaliza akaniambia na mimi niswali, nisiende bure.

Udhu ninao, ingawa kwenye ile waya hofu ilikaribia kuutengua. Shida kibla. Nikamuuliza yule mzee kwa Kiingereza cha mikono, Makka iko upande gani. Hakucheka. Akatoa ramani, akatoa dira, akavaa miwani, wakabishana na mkewe kwa Kijerumani, halafu akaninyooshea mkono kati ya vilele viwili. Mbwa akaenda kulala palepale ninapotakiwa kusujudu. Mkewe akambeba.

Natoa salamu, nasikia ngurumo.

Wingu jeusi linakuja, na waya ya chuma na radi mnajua wenyewe. Wazee wakasema kwa ishara, chini haraka. Nikasogea pale njia inapoanzia, nikachungulia, mwili ukagoma. Nilikaa chini nikaukumbatia msalaba. Mtoto wa Kiislamu.

Mzee akajaribu kutueleza kwamba atatangulia akaite watu wa uokoaji. Mama Furaha akakataa. Akavua kitenge chake cha juu, chini ana suruali ya kazi, akanifunga kiunoni, ncha nyingine akajizungushia mkononi.

"Usiangalie chini. Angalia mugongo yangu. Nilitembeaka siku tatu na mutoto pale mugongoni, sikumuangusha. Weye ndio nitakuangusha?"

Wakuu, nilishuka. Kwa makalio, lakini nilishuka. Mbele mbwa, kisha wazee, kisha mama, kisha mimi kwenye kamba ya njano kama mbuzi wa Idi.

Mvua ilitukuta tumeshaimaliza waya. Tukamkuta Pasteur na mabegi yake, salama yote. Pale kwenye nyumba ya mbao kwaya iliyobaki pale ilitoka na malapa ya sufu kutupokea, wakaniona nilivyofungwa. Waliniimbia. Sitasema waliimba nini.

Jumapili yake Pasteur alitoa ushuhuda kanisani. "Tulipofika kileleni," alisema.

Wakati wa kurudi, tumesimama kunywa chai huko Ujerumani, nilimuuliza Mama Furaha kwa nini alikataa kuniacha juu wakati radi inakuja. Nilikuwa nimeshajiandaa kutoa machozi.

Akapuliza chai yake. "Pasteur hana leseni," akasema. "Nani angetufikisha Birmingham?"

Somo nililopata: ukiajiriwa dereva, kaa kwenye usukani. Hilo neno "nawasindikiza kidogo" lifuteni kabisa midomoni. Na kama lazima upande, panda nyuma ya mtu mwenye sababu ya kufika, siyo nyuma ya mwenye suti.

Uwanja ni wenu. Waliowahi kwenda vilele vya kweli njooni na ukweli: kushuka mlitembea, au na nyie suruali zilitoboka nyuma?