Raili Alibonyeza Kengele Mara Moja

Raili Kemppainen alijiunga na shirika la misaada akiwa na miaka sitini na minne, kwa sababu kaka yake Oiva alilala sakafuni siku kumi na tisa kabla watu hawajajua kwamba amekufa. Sababu nyingine hakuwa nayo. Aliyemuuliza alijibiwa hivyo hivyo, kavukavu, mpaka akajuta kuuliza.

Siku kumi na tisa, jamani, katika mji huu wetu wa Kajaani, ambamo ukipiga chafya sokoni watu wa ng'ambo ya mto wanajua umeshikwa na mafua. Oiva alikuwa na simu. Raili alimpigia mara mbili, hakupokea, akasema moyoni: anataka kupumzika, nisimsumbue. Hilo neno nisimsumbue ndilo dini yetu halisi huku. Kanisani tunakwenda Krismasi, lakini kutosumbuana tunakutimiza kila siku ya Mungu, wakubwa kwa wadogo, na tunajisifia kwamba ndiyo heshima.

Baada ya mazishi Raili alikaa miezi minne bila kulala vizuri. Kisha akapiga moyo konde, akavaa koti la kwendea mjini, akapanda ngazi hadi ofisi ya shirika iliyo juu ya duka la viatu. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja mashuka, na alidhani atapewa mablanketi ya watu waliopatwa na tetemeko ayapange. Mratibu alikuwa binti mmoja anaitwa Henriikka, mwenye sauti ya upole.

"Wa kupanga mablanketi tunao, mama," Henriikka alimwambia. "Tuliowakosa ni watu wa kwenda kukaa na watu."

"Kukaa tu?"

"Kukaa, kunywa kahawa, kuzungumza."

"Hapo kwenye kuzungumza ndipo patakaponishinda."

"Basi nina mzee anayekufaa. Yeye mwenyewe hazungumzi."

Raili alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Akamwambia yule binti habari za Oiva, zote, hata zile simu mbili. Akasema, "Nataka mtu mmoja tu. Mmoja ambaye akianguka, mimi nitajua." Henriikka aliandika jambo fulani kwenye karatasi yake, akamshika mkono.

Mafunzo ya hao watembeleaji, walioitwa marafiki, yalikuwa jioni mbili. Wakafundishwa kutunza siri, kutopokea ufunguo wa mtu, kutogusa dawa zake. Rafiki haingii asipofunguliwa, mkufunzi alisema, na Raili akaandika maneno hayo kwa mwandiko wake mzuri. Mkufunzi akasema pia kwamba ukimkosa mtu nyumbani na roho yako haijatulia, piga namba iliyo nyuma ya kitambulisho chako, saa yoyote. Hilo nalo aliliandika. Alipewa kitambulisho chenye picha yake, akakitia ndani ya mkoba kwa uangalifu, na siku ile alitembea barabarani kama mtu aliyepewa cheo.

Mzee mwenyewe aliitwa Taisto Moilanen, fundi wa reli mstaafu, miaka themanini na mmoja, ghorofa ya pili katika jengo la matofali karibu na stesheni. Alifungua mlango, akamtazama Raili juu mpaka chini.

"Wewe ndiye rafiki aliyeletwa na ofisi?"

"Ndiyo mimi."

"Nilidhani wataleta mwenye nguvu kidogo. Wewe naona tutashikana mikono tuanguke wote."

"Ukiniona sifai, nirudi."

"Ingia bwana, kahawa itapoa."

Wakanywa kahawa robo saa nzima bila neno, na Raili akaona raha. Mtu asiyekaa na watu wa huku hawezi kuelewa raha hiyo. Kisha mzee akaanza kuusema vibaya mkate wa iliki aliouleta Raili, kwamba ni mkavu, kwamba kule reli walikuwa wanafungia mataruma, yale magogo ya chini ya njia ya treni, kwa vitu laini kuliko huo, huku mwenyewe akichukua kipande cha tatu. Jumanne ya pili alimwonyesha picha za marehemu mkewe. Jumanne ya tatu alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kola. Raili aliliona, na njiani kurudi nyumbani alikuwa akitabasamu peke yake kama chizi. Usiku huo alilala mpaka asubuhi.

Wiki ya nne mzee akampigia Raili simu. Jumanne ana miadi ya macho hospitalini, je, rafiki wa ofisi anaweza kuja Alhamisi, saa kumi alasiri? Anaweza.

Alhamisi hiyo, saa kumi kamili, Raili akabonyeza kengele. Mara moja. Ndani redio ilikuwa ikisoma habari za hali ya hewa. Akangoja. Akasikia redio tu. Akainua kidole abonyeze tena, akakishusha, kwa sababu kengele za jengo lile zina sauti kali na majirani watasikia.

Hapo ndipo macho yake yalipokwenda ukutani, kwenye orodha ya zamu za sauna. Kila jengo la huku lina sauna yake chini, chumba cha kuoga kwa mvuke, na kila nyumba ina saa yake ya wiki, na saa hiyo mtu huishika mpaka kufa. Alhamisi, saa kumi: Moilanen. Basi, Raili akasema, mzee amesahau. Kajichanganya siku, yuko chini anajimwagia maji, redio kaiacha. Sasa mwanamke ashuke akagonge mlango wa sauna ambamo mwanamume yuko uchi katika saa yake? Huku kwetu hata askari angengoja amalize.

Lakini roho yake haikutulia. Hilo lazima lisemwe, maana mwenyewe hakulificha. Aliufungua mkoba, akakitoa kitambulisho, akakigeuza upande wa ile namba. Akamfikiria Henriikka akiacha kazi zake, watu wakija na ufunguo, mzee akipanda ngazi na taulo kiunoni akute kundi la wageni mlangoni pake. Aibu ilimpanda kabla haijatokea. Akakirudisha kitambulisho mkobani, akatundika mfuko wa mkate kwenye kitasa, akashuka.

Mfuko ule ulikaa kitasani Alhamisi yote na Ijumaa yote. Pulkkinen wa ghorofa ya tatu aliupita mara sita akipanda na kushuka. Alikuwa amesikia kishindo Alhamisi mchana, akafikiri Moilanen anahamisha kabati, na kabati la mtu linawahusu nini majirani? Jumamosi asubuhi mtunza jengo alikuja kubadilisha taa ya ngazi, akauona mfuko, akaunusa, akatumia ufunguo wake. Mzee alikuwa sakafuni katikati ya jikoni na mlango, nyonga imevunjika, mdomo umekauka, lakini hai. Mezani kulikuwa na vikombe viwili.

Henriikka alimpigia Raili mchana huo huo. "Mama, nataka ujue hukukosea. Mwongozo umeufuata vizuri."

"Usiniambie hivyo."

"Lakini ni kweli, mama."

"Nigombeze, mwanangu. Nakuomba."

Binti wa watu hakuweza. Alisema kuna huduma ya kuzungumza na mtaalamu kwa wanaojitolea, ni ya siri. Raili akamshukuru, akakata simu, akalia mpaka sauti ikakauka.

Jumapili alikwenda hospitali. Mzee alikuwa amelazwa chali, kifua kimeshaanza kukoroma kwa homa ya mapafu, macho ameyafumba. Raili akakaa kwenye kiti, koti hajalivua. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha, maneno ameyapanga tangu alfajiri, lakini mzee akafumbua macho na kumtangulia.

"Samahani," alisema. "Sikukufungulia."

"Usiseme hivyo, Taisto."

"Kahawa nilikuwa nimeiweka tayari. Ile saa yangu ya sauna nilimwachia Pulkkinen, nikasema leo nina mgeni." Akapumzika, akavuta pumzi. "Tena shati nilikuwa nimepiga pasi."

Raili akakisogeza kiti karibu. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Ulibonyeza mara moja."

"Mbona hukuniita? Ungepiga kelele tu, ningekusikia, nilikuwa hapo hapo mlangoni."

Mzee akajibu taratibu, kama mtu aliyeulizwa jambo la kazini na hataki kukosea. "Nilitaka kuita. Halafu nikasikia umeanza kushuka ngazi. Nikasema, huyu ana basi lake la kuwahi, nisimcheleweshe."

Raili akaushika mkono wake, mara ya kwanza kuushika tangu wafahamiane, nao ulikuwa wa moto kama bakuli la uji. Hakumwambia kwamba basi lilikuja baada ya dakika ishirini na tano. Hakumwambia kwamba dakika zote hizo alisimama kituoni ng'ambo ya barabara, akiitazama taa ya jikoni kwake ikiwaka, akifurahi kwamba hakumsumbua mtu.

Jumanne asubuhi Taisto Moilanen akafariki.