Kuhesabu kwa Kugusa

Jumanne saa tatu asubuhi, wazee wawili walikuwa karibu nami kwenye benchi la wagonjwa wa nje, katika hospitali moja wilayani Muleba. Mmoja alikuwa winga wa timu ya kata. Sasa anatembelea gongo. Mwenzake alikuwa bingwa wa bao. Walikuwa wanabishana mchezo upi ni mgumu.

"Wewe ulikaa kwenye kigoda ukasogeza kete," alisema winga. "Hata jasho hukutoka. Huo nao ni mchezo?"

"Waitu, ndugu yangu, hata ng'ombe anakimbia! Sisi tulihesabu kichwani. Ukigusa kete ili uhesabu, unachekwa mpaka ukweni."

Benchi zima tulicheka. Winga alicheka mpaka gongo likaanguka.

Nilidhani mgonjwa ni yeye. Muuguzi alipofungua mlango, aliita jina la bingwa wa bao.

"Mzee, wanasema siku hizi unasahau. Una watoto wangapi?"

Aliinua mkono. Akafungua kiganja, akaanza kugusa vidole kimoja kimoja. Alipofika cha nne, akarudi cha kwanza.

Hakuna aliyecheka. Sisi waandishi wa michezo tunajua kuandika habari za goti lililoteguka. Kwa kilichokuwa kinamtoka mzee yule, sikuwa na hata kichwa cha habari.

"Sita," winga alimjibu muuguzi, akiwa ameinama. "Andika sita."

Akaokota gongo lake, akamshika mwenzake mkono, wakaingia ndani wote wawili.